Nzuri, Ila

Katika msiba wa Lugano aliyelia ni mimi peke yangu, na watu waliniona sina adabu.

Mtoto wa miaka minne alikuwa amelala ndani ya jeneza jeupe, sebuleni kwa mdogo wangu Tusekile, na wanawake wa mtaa mzima walikuwa mikekani, vitenge viunoni, wanapumua pamoja. Wanavuta, wanashikilia, wanaachia. Mgeni angedhani ni kwaya inajiandaa kuimba. Mimi nilikuwa nasubiri mmoja aanzishe. Zamani msiba wa kwetu Tukuyu ulikuwa na mwanzishaji wake: shangazi mmoja angekuwa bado yuko barabarani, hata migomba ya nyumba ya msiba hajaipita, akaachia yowe, na nyumba nzima ikamwitikia. Hata mfiwa aliyekuwa amekauka macho, hapo machozi yangemtoka. Siku ile mashangazi walifika wote. Walivua viatu mlangoni, wakampa mdogo wangu mkono, wakamwambia "Pole, Mama Lugano" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, kisha wakatafuta nafasi wakakaa.

Kukaa ndilo neno letu siku hizi. Umekaa leo? Nimekaa asubuhi, nitakaa tena mchana. Kwenye mabango ya Kampuni ya Shwari wameandika "tafakuri ya kina kwa afya ya mwili na roho", lakini hakuna anayesema hivyo sokoni. Unafumba macho, kipuli kilichoshikizwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio kinakuuliza habari ya moyo, unajibu, kinakuambia vuta pumzi, na kabla pumzi ya tatu haijaisha dunia imeshasogea mbali nawe. Presha inashuka. Usingizi unakuja wenyewe. Sipigi debe, mimi ni fundi wa vipuli hivyo, na nimewaona watu waliokuwa wamekwisha wakirudi kuwa watu.

Nilijikaza mpaka nilipotazama mlangoni. Katikati ya viatu vya waombolezaji kulikuwa na mabuti madogo ya mvua, ya njano, bado yana tope. Lugano alikuwa akiyavaa hata jua likiwaka, na kuyavua ilikuwa ugomvi. Hapo nikashindwa. Nililia kwa sauti, mwanaume mzima, kamasi na yote.

Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akanigusa goti. "Mjomba, kipuli chako kimeharibika?"

"Sina kipuli, bibi. Sisi mafundi haturuhusiwi kuvaa."

"Fundi wa vipuli hana kipuli?" Alinionea huruma kwelikweli. "Sogea basi huku, mwanangu. Labda changu kitakufikia kidogo."

Tusekile akaja na kikombe cha maji, akapiga magoti mbele yangu kama tulivyolelewa. "Kunywa, kaka. Utaumwa kichwa."

Mkono wake haukutetemeka. Ndio mkono uliomwosha mwanawe asubuhi ile, na waliokuwepo waliniambia alimwosha vizuri sana, mpaka nyuma ya masikio.

*

Tulipokwisha kuanua matanga nilirudi kwake. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha ile ya kwetu, isiyo na haraka wala mpango wa kukoma. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi mbichi.

"Karibu, kaka. Habari za kazi?"

"Nzuri," nikasema, "ila sijalala. Za hapa?"

"Nzuri tu. Kaa hapo kwenye kigoda, maji yanachemka."

Nilikaa, namaanisha kukaa kule kwa zamani, kwa makalio. Yeye aliendelea na kisu chake. Tusekile ni mtu wa kufanya kazi akiwa anaongea. Tangu utotoni ukimnyang'anya kazi mkononi na maneno yanakwisha.

"Nikuulize kitu cha kazini kwako," akasema. "Kipuli kikivuliwa, yale ambayo mtu hakuyasikia huwa yanarudi?"

"Yapi?"

"Yale. Ya moyoni." Akatupa maganda kwenye ndoo. "Najua Lugano amekufa. Nalijua kama ninavyojua kuwa leo ni siku ya soko. Siku ya mazishi nilikuangalia ulivyokuwa unalia, kaka, nikakuonea wivu. Nikasema, huyu analia mtoto wangu, mimi napasha maji ya chai. Nataka kumlilia. Ni mwanangu."

Nikamuuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza, maana katika mji uliotulia hakuna anayeuliza sana. Nikamuuliza siku ile ilikuwaje.

"Alikuwa anachemka mwili tangu asubuhi," akasema. "Nikasema nikimaliza kukaa nimfunge mgongoni twende hospitali. Kipuli kikaniuliza kama kawaida yake, habari ya moyo? Nikasema, nzuri, ila mtoto anachemka, na pumzi zake sizielewi. Kikasema vyema, vuta pumzi."

"Kikasema vyema?"

"Kikasema vyema. Na mimi nikavuta."

"Halafu?"

"Halafu nikakaa. Alikuwa mapajani kwangu. Alihema mbiombio, halafu polepole, halafu akanyamaza. Nikaona na yeye ametulia." Alipitisha kisu kwenye ndizi, akaigawanya mara mbili, akaiweka kwenye maji isiingie weusi. "Nimelifikiria sana hilo, kaka. Labda nilikosea kujibu. Wewe ni fundi. Nilikosea wapi?"

Mlango wa nyuma ulifunguliwa, akaingia mumewe, Ambokile, kofia inachuruzika maji. Alikuwa amesikia, maana kuta za jiko lile ni mabanzi.

"Shemeji," akaniambia, "usimvue."

"Ameniuliza mwenyewe."

"Nimesikia." Alivua kofia akaikamua nje taratibu, kisha akaitundika. "Unamkumbuka yule niliyekuwa kabla ya kipuli? Kiwanda cha chai kilipoanza kujiendesha chenyewe, wakatutoa wote?"

Nilimkumbuka sana. Nilimkumbuka kwa meno mawili ya mdogo wangu yaliyong'oka na kwa mlango nilioutengeneza mimi.

"Yule mtu bado yumo humu," akasema, akijigusa kifua bila chuki yoyote. "Amekalishwa tu. Sasa wewe unataka kumwamsha nani ndani ya huyu mwanamke, na utakaa naye wewe?"

Tusekile akatutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Ndizi zitaiva sasa hivi," akasema. "Mle kwanza."

*

Karakana yangu iko nyuma ya ofisi za Shwari, chumba kimoja chenye meza ndefu na taa kali. Kipuli ni kidogo kuliko punje ya hindi. Kina kazi mbili. Ya kwanza ni kubembeleza ule mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kichwani, ukapita shingoni, ukashuka moyoni na tumboni. Ndio ule ambao watawa wa zamani waliufikia kwa miaka mingi ya kupumua mapangoni, na sisi tunaufikia tukiwa foleni ya maji. Kazi ya pili ni kusikia. Kinasikia mapigo na pumzi, lakini hivyo vinadanganya, kwa sababu mtu aliyetoka kupanda mlima na mtu aliyeogopa hufanana. Basi anayeamua ni neno. Mwenye kipuli akisema yuko vizuri, kinampeleka moja kwa moja. Akisema yuko vibaya, kinasimama, kinamuuliza kuna nini, na ikibidi kinaita gari la wagonjwa.

Nilichukua kipuli cha majaribio, kile cha kubana tu kisichoshikizwa kwenye mfupa, nikakibandika nyuma ya sikio. Ilikuwa kinyume cha kanuni na sikujali.

"Habari ya moyo?" kikauliza. Sauti ya mwanamke wa makamo, ya upole, ambayo watoto wa mji huu wanaijua kuliko za bibi zao.

"Mbaya," nikasema.

Kikasimama palepale. "Pole sana. Niko nawe. Nieleze, kuna nini?"

Nikakizima, nikakiwasha tena.

"Habari ya moyo?"

"Nzuri, ila nimefiwa na mtoto wa mdogo wangu."

"Vyema," kikasema. "Vuta pumzi."

Nilielewa kabla hata sijaanza kuvuta. Waliokifundisha kipuli hiki walikuwa watu wa mbali, wa kwao huko, ambako mtu akiulizwa hali husema ilivyo au hukaa kimya. Walikifundisha kushika jibu na kufunga sikio. Walipoleta kazi huku wakaturekodi sisi, na sisi kwa adabu zetu tukawajibu nzuri, salama, hatujambo, maana walituomba neno moja, na neno la kwanza la Mswahili ni jema siku zote. Kwetu hata aliyevunjika mguu hajambo, ila mguu umevunjika. Nilikuwa na jirani aliyeunguliwa nyumba. Nilikutana naye njiani amebeba godoro lililobaki, nikamuuliza habari za nyumbani. "Nzuri," akaniambia, "ila imeungua." Hakuna mtu mji huu ambaye angeulizwa habari akaanza na mbaya. Ingekuwa kama kumtapikia mgeni miguuni. Jema tunalitoa kwanza, kwa heshima, na habari yenyewe tunaifunga nyuma ya ila.

Na kipuli, kwa miaka yote ile, kilikuwa kinaondoka mlangoni kabla ila haijafika.

Nilikuwa nataka kukasirika. Lakini nilikuwa nimekivaa, na pumzi ya tatu ilikuwa imeshapita.

Nitaisema ile hali ilivyokuwa, maana nimechoshwa na wanaoiita sumu na hawajaionja. Ilikuwa raha. Mabega yalishuka. Ule mkono uliokuwa umenikaba tangu msiba ukaachia. Niliketi, kisha nikaenda kula wali na maharage kwa mama ntilie wa nje ya geti, nikamsifia mboga yake. Nikamkumbuka Lugano. Nikayakumbuka mabuti ya njano, nikawaza kwamba lile tope sasa litakuwa limekauka na itakuwa rahisi kulipangusa. Wazo lilikuja na kuondoka kama wazo la mtu mwingine.

Niliporudi karakana nikajilazimisha kukivua, na nasema nikajilazimisha kwa sababu sikuona hata sababu moja ya kufanya hivyo, zaidi ya kwamba nilikuwa nimejiahidi. Kikatoka. Yote yakarudi kwa mpigo.

Na hapo, nikiwa nalia juu ya vifaa vyangu, nilifurahi. Nikajiambia, kumbe yanarudi. Basi na ya Tusekile yatarudi. Sikukumbuka kujiuliza kwamba mimi nilikivaa kwa muda wa mlo mmoja tu, na yeye alikuwa nacho tangu kabla Lugano hajazaliwa. Hakuna mtu mji huu aliyewahi kuvuliwa chake. Hakuna aliyewahi kuja kuomba.

*

Mkuu wetu anaitwa Dakta Zamaradi, mama wa Kitanga, mwenye ushungi uliopigwa pasi kila siku na sauti isiyopanda. Si mtu mbaya. Nalisema hilo ili ijulikane ninamzungumzia mtu gani. Alinisikiliza bila kunikatiza tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Pole sana, Asajile," akasema. "Kwa hiyo alisema nzuri."

"Alisema nzuri, ila."

"Kipuli kilisikia nzuri."

"Kila mtu mji huu anasema nzuri kwanza, Dakta. Wewe mwenyewe nilipoingia nimekuuliza za asubuhi, umesema nzuri, ila mgongo."

Alitabasamu kidogo. "Kweli nimesema. Nitawaandikia makao makuu leo hii. Swali litaondolewa."

Nilidhani sikusikia. "Litaondolewa?"

"Kama swali ndilo linaloleta matatizo, kipuli kisiulize. Kianze na vuta pumzi moja kwa moja."

"Swali halina kosa. Kosa ni kwamba hakingoji. Kifundishwe kusikiliza mpaka mwisho."

"Kwa nini unapandisha sauti?"

"Kwa sababu mtoto amekufa mapajani kwa mama yake, na mama yake alikiambia."

Akagusa nyuma ya sikio, kama anayepangusa jasho, akapumua. Nilimngoja. Hakuna unaloweza kufanya mtu akiwa anakaa, ni sawa na kumngoja aliyeko kwenye sala.

"Nikuambie kitu," akasema aliporudi. "Kikisikiliza mpaka mwisho, hakuna atakayekaa. Kila mtu ana ila yake. Wewe uliwaona walivyokuwa kabla hatujaja: watu wanaanguka sokoni, baba anawanywesha sumu watoto na yeye anakunywa. Kila mmoja alikuwa amebakiwa na ila tupu. Tukifungua mlango huo hatutaufunga tena."

"Na walio kama Tusekile?"

"Hao ni wachache." Alisema bila ubaya, kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Mimi pia nina ya kwangu, Asajile. Usidhani sina."

Sikumuuliza ni ipi. Nilimwambia mdogo wangu ameniomba nimvue.

"Sikukatazi. Kipuli ni chake na sikio ni lake. Ila nikuulize wewe, si kama mkuu wako." Ila yake hiyo ilitoka nzima, nami nilikuwa na muda wote wa kuisikia. "Ukimvua, unampa nini? Mtoto? Mtoto hayupo. Utampa ile siku. Utampa mapaja yake mwenyewe na mtoto anayepoa juu yake, na yeye amefumba macho. Sasa hivi analijua hilo na halimuumi. Wewe unataka limuume. Je, unamtakia yeye, au umechoka kulia peke yako?"

Nilitoka bila kuaga. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikiwa na ufunguo wa kazi mfukoni, kile chuma kidogo cha kulegezea kipuli kwenye mfupa, nikaupindua na kuupindua. Dakta alikuwa amenigusa penyewe. Nilikuwa nimechoka kulia peke yangu, ni kweli. Mpaka sasa sijui kama ningeweza kuwa na sababu nyingine iliyo safi kuliko hiyo. Lakini Tusekile alikuwa amesema nataka kumlilia, ni mwanangu, na katika mji mzima mtu wa kusikia hayo mpaka mwisho alikuwa mimi.

*

Nilifika asubuhi, mvua bado. Ambokile aliponiona akachukua jembe akatoka kwenda nyuma ya nyumba. Hakunipinga wala hakuniaga.

Tusekile alikuwa amejiandaa. Alikuwa ametandika mkeka katikati ya sebule, pale palipokuwa na jeneza. Kitenge kimefungwa kiunoni. Mabuti ya njano ameyaleta ndani, ameyaweka ukingoni mwa mkeka yakimtazama, na alikuwa hajayasafisha. Alikuwa ameiandalia huzuni yake kama anayemngojea mgeni mkubwa.

"Kabla sijakuvua," nikasema, "kuna jambo uliniuliza. Uliuliza ulikosea wapi kujibu. Hukukosea, Tuse. Ulisema vizuri. Ulisema kama mama alivyotufundisha. Kipuli ndicho kilichokuwa kinasikia neno la kwanza tu."

Alilipokea hilo akalishika muda. "Kwa hiyo nilisema."

"Ulisema."

"Halafu nikakaa."

Ningeweza kumwambia hukukaa wewe, ulikalishwa. Nilikuwa nimelitayarisha hilo njiani. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayetaka habari kamili, na mimi ndiye niliyekuwa nimelalamika kwamba habari zinakatwa. "Ukakaa," nikasema.

"Sawa." Akainamisha kichwa upande. "Nivue. Na kaka, nikishindwa kuanza, anzisha wewe. Mtu hawezi kuanza peke yake."

Mikono yake ilikuwa imetulia magotini. Nilikilegeza kipuli kwa ufunguo nusu duara, kikakataa, nikakizungusha tena. Kikatoka na tone moja la damu. Nilikiweka kwenye sahani ya chai. Nikasogea nyuma, nikampa nafasi, kama unavyompa mtu anayetaka kutapika.

Tulingoja.

Tusekile alitazama mabuti. Akayachukua, akayapakata, akaingiza mkono ndani ya moja mpaka mahali pa vidole vya mtoto. Alikuwa anafanya kila kitu sawasawa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kama ametajwa chumba cha pili.

"Bado," akasema. "Anzisha, kaka."

Nikaanzisha. Sikuwahi kufanya kazi hiyo, ni kazi ya mashangazi, lakini nilifungua koo nikaachia yowe la msiba, refu, lile la zamani, nikamtaja mtoto kwa jina lake. Lugano wee, umetuacha. Halikuwa la maigizo, lilitoka tumboni na likanichana likitoka. Nje, upande wa pili wa migomba, nikasikia mlango wa jirani ukifunguliwa, kisha sauti za wanawake wawili watatu wakivuta pumzi, wakishikilia, wakiachia.

Tusekile akafumbua mdomo kuniitikia. Sauti ilitoka. Ilikuwa na urefu uleule na ilipanda na kushuka mahali pake, kama anayejifunza wimbo kwa mwenzake. Alijaribu tena, ya pili ikawa bora kuliko ya kwanza. Halafu akaacha, akakohoa kidogo.

"Samahani," akasema. "Inaniumiza koo tu."

"Pumzika. Tungoje kidogo."

"Kaka, kimetoka chote? Hakijabaki kipande ndani?"

Nilichukua sahani nikamwonyesha. Kilikuwa chote, pamoja na ule uzi wake mwembamba kuliko unywele. Alikitazama, akatazama mikono yake, na bila kufumba macho, bila sauti ya mtu yeyote kumwambia, nikaona kifua chake kinapanda, kinashikilia, kinashuka. Wala hakuwa anajua anafanya. Alikuwa amekaa tangu nilipoingia. Mwili wake ulikuwa umeshajifunza njia na haukuhitaji tena wa kuuongoza, na mimi nilikuwa nimemvua kitu ambacho kilimaliza kazi yake zamani.

Nilipiga magoti pale mkekani, nikamshika mikono yote miwili juu ya yale mabuti. Ilikuwa na joto zuri. Nikamuuliza mimi, kwa sauti yangu mwenyewe, kwa sababu lilikuwa limebaki hilo tu.

"Tuse. Habari ya moyo?"

Alilifikiria swali. Alilifikiria kwa uaminifu wote, nilimwona akijipekua, akienda mpaka nyuma kabisa na kurudi.

"Nzuri," akasema.

Nikangoja. Mvua ilikuwa inapiga bati, jembe la Ambokile linasikika nyuma ya nyumba. Nilimtazama mdomo. Nilitaka ila moja tu, hata ndogo, ila nimechoka, ila naona baridi. Ningeishika hiyo nikaivuta mpaka mwisho. Niliingoja kwa muda ambao hakuna kipuli kingengoja.

Tusekile alinitazama kwa upole, kama anayeona mgeni wake hakusikia vizuri.

"Nimeshajibu, kaka," akasema, akainuka kukunja mkeka.